Watani wa Jadi wa Ayalandi: Kerry na Dublin

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kusoma na Hesabu.

Shika kalamu yako ya risasi. Leo tutazungumza habari za mpira, lakini hesabu hatutaikwepa.

Mpira wenyewe si ule tunaoucheza sisi. Ni mpira wa Kigaeli, mchezo wa watu wa Ayalandi. Ayalandi ni kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza, nchi ya mvua na majani mabichi. Huenda baadhi yenu mmekwisha kuwajua Waayalandi, kwa kuwa wamisionari wao walifundisha katika shule nyingi za Kenya. Kisiwa chao kimegawanywa katika kaunti 32. Kaunti 26 ni za Jamhuri ya Ayalandi, na 6 za kaskazini zimo katika utawala wa Uingereza. Lakini chama cha mchezo huu hakiujali mpaka huo, na kombe linaloshindaniwa ni moja kwa kisiwa kizima.

Chama hicho kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884, katika hoteli moja ya mji wa Thurles. Waanzilishi wakubwa walikuwa Michael Cusack, aliyekuwa mwalimu, na Maurice Davin, aliyekuwa mkulima na mwanariadha. Nchi yao ilikuwa chini ya Waingereza, na michezo ya Waingereza ilikuwa imeenea kila mahali. Wao wakasema, sisi nasi tuna michezo yetu, tuiandikie sheria kabla haijapotea.

Sasa sikiliza namna unavyochezwa. Kila upande una watu 15. Mpira ni wa mviringo, nao huchukuliwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu. Mchezaji haruhusiwi kukimbia nao zaidi ya hatua nne. Baada ya hapo lazima audundishe chini, au auangushe juu ya mguu wake na kuurusha tena mikononi, huku anakimbia. Kuudundisha mara mbili mfululizo ni kosa. Akitaka kumpa mwenzake kwa mkono, huupiga kwa ngumi au kiganja. Kuurusha tu haikubaliwi. Jaribu siku moja uone. Utafikiri ni rahisi mpaka mpira ukuponyoke mbele ya watoto wako.

Goli lake lina milingoti miwili mirefu, na mtambaa panya katikati, kama herufi H. Mpira ukipita juu ya mtambaa panya, katikati ya milingoti, ni pointi 1. Ukiingia chini, katika nyavu, ni goli, na goli moja ni sawa na pointi 3. Tangu mwaka 2025 kuna jipya: mpira ukipigwa kutoka nje ya mstari wa upinde, mita 40 toka golini, ukapita juu, hupewa pointi 2. Michezo yote nitakayoitajia magoli na pointi leo ilichezwa kabla ya hapo, basi usijisumbue na hilo.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni hivi: 2-12. Namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi. Magoli 2 mara 3 ni 6. Ongeza 12. Jumla ni 18. Mtu asiyejua kuzidisha kwa 3 hawezi kujua nani ameshinda mpaka aambiwe na jirani yake. Umeona?

Katika kaunti hizo 32, mbili ndizo watani wa jadi wakubwa. Moja ni Dublin, mji mkuu. Nyingine ni Kerry, kusini magharibi, karibu kilomita 300 kutoka mji huo, mahali ambapo nchi kavu inakwisha na bahari kuu inaanza. Dublin wana viwanda, ofisi na vyuo vikuu. Kerry wana milima, ng'ombe na wavuvi, na katika rasi ya Dingle wako wenyeji ambao mpaka leo lugha yao ya nyumbani ni Kiayalandi. Watu walipohesabiwa mwaka 2022, Dublin ilikuwa na watu zaidi ya 1,450,000, na Kerry kama 156,000. Yaani kwa kila mtu mmoja wa Kerry, Dublin ina watu tisa.

Lakini sikiliza hesabu nyingine. Kufika mwaka 2025, Kerry walikuwa wamelichukua taji la Ayalandi mara 39, na Dublin mara 31. Hakuna kaunti nyingine inayowakaribia hao wawili. Dublin huvaa samawati, rangi ya mbingu. Kerry huvaa kijani na dhahabu. Kombe lenyewe huitwa kwa jina la Sam Maguire, mtu wa kaunti ya Cork aliyekuwa karani wa posta huko London, na kwa siri akiwatumikia waliopigania uhuru.

Inanibidi niseme kidogo juu ya uwanja, maana pasipo uwanja huo hutayaelewa mengine. Fainali huchezwa Croke Park, katika mji wa Dublin. Hivi sasa una nafasi ya watu zaidi ya 82,000. Tarehe 21 Novemba 1920, siku ya Jumapili, timu ya Dublin ilikuwa ikicheza pale na timu ya Tipperary. Asubuhi ya siku hiyo wapigania uhuru walikuwa wamewaua wapelelezi wa Waingereza mjini. Mchana askari wa serikali wakaingia uwanjani wakapiga risasi katika umati wa watu. Watu 14 walikufa. Watatu walikuwa watoto, wa miaka 10, 11 na 14. Mmoja alikuwa mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan, aliyeanguka ndani ya uwanja na jezi yake mwilini. Jukwaa moja kubwa la Croke Park lina jina lake. Basi mtu wa Ayalandi aingiapo pale haendi kwenye mchezo tu.

Baada ya hapo nchi ikapata serikali yake, lakini wenyewe kwa wenyewe wakapigana, mwaka 1922 na 1923. Wengine waliukubali mkataba na Uingereza, wengine waliukataa. Katika Kerry vita hivyo vilikuwa vibaya kupita kiasi. Majirani waliuana, na wafungwa walifungwa pamoja wakalipuliwa kwa baruti. Sasa jiulize, kaunti ya namna hiyo itawezaje kuunda timu moja ya mpira?

Iliweza. Con Brosnan alikuwa ofisa katika jeshi la serikali. John Joe Sheehy alikuwa mkubwa katika jeshi la waasi, akitafutwa, akilala huku na huku. Wote wawili walikuwa wachezaji hodari. Brosnan alitoa ahadi kwamba Sheehy akija kucheza hatakamatwa, na mchezo ukiisha ataondoka salama. Sheehy alikuja, akacheza, akatoweka tena. Mtu akikuambia leo kwamba hawezi kukaa kamati moja na fulani kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba, mkumbushe wanaume hao wawili. Timu ya Kerry ya miaka ile ilikutana na Dublin katika fainali mbili mfululizo. Ya mwaka 1923 Dublin walishinda, na ya mwaka 1924 Kerry wakashinda kwa pointi 4 kwa 3. Vita vilivyochelewesha kila kitu vilichelewesha na mpira pia, kwa hiyo fainali hiyo ya 1924 ilichezwa Aprili 1925.

Nitaruka miaka mingi sasa, nifike 1955.

Mwaka huo Dublin walikuwa na timu ya vijana wa mjini, waliojifunza mpira pamoja, na wengi wao walitoka klabu moja, St Vincents. Mchezo wao ulikuwa wa pasi na akili. Mshambuliaji wao Kevin Heffernan hakusimama mbele ya goli kungoja mpira kama desturi ilivyokuwa. Alitembea huku na huku akamvuta beki nyuma yake, na mahali beki alipotoka pakabaki wazi. Watu walisema Kerry, na mpira wao wa zamani wa kudaka juu na kupiga mbali, wamepitwa na wakati. Watu 87,102 waliingia Croke Park. Kerry wakashinda, 0-12 kwa 1-6. Hebu fanya hesabu: Dublin goli 1 mara 3 ni 3, ongeza 6, ni 9. Kerry 12. Tofauti ni pointi 3, yaani goli moja.

Husimuliwa kwamba kushindwa kule kulimkaa Heffernan moyoni maisha yake yote. Mwaka 1958 alikuwa kapteni wa Dublin, wakachukua kombe, lakini hawakuwashinda Kerry siku hiyo, waliwashinda wengine. Si jambo lile lile.

Mwaka 1974 Heffernan alikuwa mwalimu wa timu. Dublin walikuwa wameanguka hata mjini kwao watu hawakujishughulisha kwenda kuwatazama. Yeye aliwakusanya, akawakimbiza mpaka wakatapika, na mwaka huo huo wakachukua kombe. Vijana wa mitaa ya Dublin wakaanza kujaza upande mmoja wa uwanja, uitwao Hill 16, wamevaa samawati, wakiitwa Jeshi la Heffo. Ndipo huko Kerry akatokea Mick O'Dwyer wa Waterville, mtu mwenye gereji na hoteli, aliyeichezea Kerry miaka mingi. Mwaka 1975 alichukua vijana wadogo, wengi hata hawajaoa, akawafanyisha mazoezi usiku baada ya usiku. Wakawapiga Dublin katika fainali, 2-12 kwa 0-11.

Mwaka uliofuata Dublin walilipa: 3-8 kwa 0-10. Tangu mwaka 1934 hawakuwa wamewashinda Kerry katika mashindano hayo. Heffernan alikuwa amengoja kisasi chake miaka 21. Mwaka 1977 walikutana tena katika nusu fainali, na wazee wengi wa Ayalandi watakuambia kwamba hawajaona mchezo mzuri kuushinda ule. Mara huyu mbele, mara yule. Dakika za mwisho Dublin walitia magoli mawili, moja la David Hickey na moja la Bernard Brogan, wakashinda 3-12 kwa 1-13. Likumbuke jina la Brogan, tutalirudia.

Sasa fainali ya 1978. Hii nitaisimulia polepole.

Dublin walianza kwa nguvu, wakaongoza. Kerry wakarudisha. Karibu na mapumziko, golikipa wa Dublin, Paddy Cullen, alitoka golini mwake akauokoa mpira. Mara refa akapiga kipenga: Cullen amefanya kosa, Kerry wapewe mpira wa adhabu. Cullen hakuamini. Akasimama pale nje ya goli lake akabishana na refa, mikono imepanuliwa, kama mtu aliyedaiwa deni alilokwisha kulipa. Beki wa Dublin, Robbie Kelleher, akauokota mpira na kwa adabu akampa Mikey Sheehy wa Kerry. Sheehy akatazama golini. Hapana mtu. Akauweka chini, akaupiga taratibu, ukapaa juu kuelekea nyavuni. Cullen akauona. Akakimbia kinyumenyume kwa nguvu zake zote, lakini mpira ukamtangulia, naye akajikuta ndani ya nyavu pamoja nao. Refa akakubali goli.

Je, lilikuwa kosa kweli? Wengi walioitazama picha yake hawakuliona kosa, na mimi ni mmoja wao. Lakini Sheehy alifanya nini kibaya? Mpira ulikuwa wake, kipenga kilikuwa kimelia, hakuna aliyemzuia. Na Kelleher, kosa lake ni nini zaidi ya uungwana? Jadilianeni darasani, na mwalimu asiwakatize upesi.

Kipindi cha pili Dublin walikwisha. Kijana mrefu wa Kerry, Eoin Liston, alitia magoli matatu peke yake. Jumla ikawa 5-11 kwa 0-9. Magoli 5 mara 3 ni 15. Ongeza 11, ni 26. Ishirini na sita kwa tisa! Kerry wakachukua kombe mwaka huo na mitatu iliyofuata, minne mfululizo. Mwaka wa tano, 1982, watu walikuwa tayari kusherehekea, lakini si Dublin waliowazuia. Waliwazuia watu wa Offaly, kaunti ndogo ya katikati ya nchi, kwa goli la dakika za mwisho la Seamus Darby. 1-15 kwa 0-17. Pointi moja tu.

Kabla sijaendelea, niseme neno juu ya mapato. Wachezaji hawa wote hawalipwi mshahara. Hurudishiwa gharama zao, na siku hizi serikali huwapa ruzuku ndogo, basi. Jumatatu mchezaji hurudi kazini kwake. David Hickey, yule wa goli la 1977, alikuwa daktari wa upasuaji wa kupandikiza figo. Tena kwa kawaida mchezaji huchezea kaunti aliyozaliwa au anayokaa. Haendi sokoni kuuzwa kama ng'ombe. Ndiyo maana utani wao una uchungu. Timu ikishindwa, huwezi kusema walionunuliwa hawafai. Walioshindwa ni mtoto wa jirani na mwalimu wa shule.

Na redio ina sehemu yake katika habari hii. Micheál Ó Muircheartaigh, mtoto wa Dingle katika Kerry, alianza kutangaza michezo mwaka 1949 na hakuacha mpaka 2010. Alitangaza kwa Kiayalandi na kwa Kiingereza. Kwao ni Kerry, lakini miaka mingi alisaidia kuwazoesha mazoezi wachezaji wa Kerry waliofanya kazi Dublin, na watu wa Dublin hawakumshuku hata kidogo kwamba anapendelea anaposhika kipaza sauti. Kwa sisi tunaokaa mbele ya kipaza sauti, hiyo si sifa ndogo. Alifariki mwaka 2024.

Baada ya 1977 Dublin waliingia katika ukame. Kerry waliwashinda katika fainali za 1979, 1984 na 1985, na kila walipokutana tena katika kugombea kombe, Dublin hawakushinda hata mara moja. Miaka ikafika thelathini na zaidi. Mtoto aliyezaliwa Dublin mwaka 1978 aliota ndevu, akaoa, akapata watoto, hajaona.

Septemba 2011 wakakutana katika fainali. Zikiwa zimebaki dakika chache, Kerry walikuwa mbele kwa pointi nne, na wengine wakaanza kusema yale yale. Kevin McManamon wa Dublin akakimbia na mpira akatia goli. Wakasawazisha. Saa imekwisha, zimebaki dakika za kufidia, Dublin wakapata mpira wa adhabu. Akaja kuupiga golikipa wao, Stephen Cluxton. Aliukimbilia kutoka upande wa pili wa uwanja mzima, watu zaidi ya themanini elfu wakimtazama. Akaupiga. Ukapita juu, katikati. Yeye akageuka, akarudi golini mwake mbio ndogo ndogo, kama mtu aliyesahau jiko limewaka. 1-12 kwa 1-11. Na katika timu hiyo ya Dublin walikuwamo ndugu wawili, Alan na Bernard Brogan, wana wa Bernard Brogan yule wa 1977.

Tangu hapo mizani ililala upande wa mjini. Dublin walichukua kombe tangu 2015 mpaka 2020, miaka sita mfululizo, jambo ambalo hakuna timu iliyolifanya kabla. Mwaka 2019 Kerry waliwashika sare, 1-16 kwa 1-16, wakarudiana, Dublin wakashinda 1-18 kwa 0-15. Manung'uniko yakawa makubwa. Watu walisema chama kimewapa Dublin fedha nyingi kuliko kaunti nyingine za kuwafundishia watoto mchezo, na kweli kiliwapa. Wengine wakataka Dublin ikatwe mapande mawili au zaidi. Dublin wakajibu kwamba walipokuwa wakifungwa miaka thelathini, hakuna aliyependekeza Kerry ikatwe. Jibu hilo lina chumvi yake, ila mimi naona haliondoi swali la fedha. Fedha ya wote inapogawanywa, mwenye watoto tisa na mwenye mtoto mmoja wote wana haki ya kuuliza imegawanywaje.

Mwaka 2022, nusu fainali, wako sare tena, saa imekwisha tena. Safari hii mpira wa adhabu ni wa Kerry, mbali sana, zaidi ya mita 50 kutoka golini, na upepo unawajia usoni. Seán O'Shea, amechoka, akapumua, akaupiga. Ukafika. 1-14 kwa 1-13. Kerry wakaendelea mpaka wakachukua kombe. Mwaka 2023 Dublin wakalipa katika fainali, na Cluxton, aliyekuwa amerudi kutoka mapumzikoni akiwa na miaka 41, alikuwa bado golini. Mwaka 2025 kombe likarudi Kerry, walipowashinda Donegal.

Basi, wanafunzi, chukueni kalamu. Tafuteni jumla ya kila timu, halafu tofauti yake. Fainali ya 1979: Kerry 3-13, Dublin 1-8. Fainali ya 1985: Kerry 2-12, Dublin 2-8. Fainali ya 2023: Dublin 1-15, Kerry 1-13. Mkimaliza, andikeni sentensi tano juu ya timu ya mahali penu: nani hununua mpira, nani hufyeka majani uwanjani, na jirani gani hamtaki kabisa awafunge. Mwalimu atazisoma kwa sauti, nanyi msicheke herufi za mwenzenu.

Kwaherini.